UZI: Vittorio De Sica, mcheza kamari aliyetuachia filamu bora za walalahoi

Mtaa wa Pili

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa filamu za zamani mtu mmoja aliandika kwamba aliyeongoza Ladri di biciclette (Wezi wa Baiskeli) "alikuwa maskini aliyewapiga picha maskini wenzake". Watu wakampa likes hadi basi. Nikaona kule nisilete fujo, nifungue uzi wangu huku, maana habari ya huyu bwana ni tamu kuliko hiyo.

De Sica, mwongozaji Mwitalia wa filamu hiyo, alizaliwa Sora, kusini mashariki ya Roma, tarehe 7 Julai 1901, akakulia Napoli. Baba yake, Umberto, alikuwa karani wa benki, mtu wa tai na viatu vilivyong'aa ambaye mshahara ulikuwa unaisha kabla ya mwezi. Kwa hiyo kubanwa alikujua utotoni. Ila kufika miaka ya 1930 alikuwa ndiye kijana mtanashati namba moja wa sinema ya Italia. Mwaka 1932 alicheza Gli uomini, che mascalzoni! ya Mario Camerini, akaimba humo wimbo Parlami d'amore Mariù, na nchi nzima ikawa inauimba. Suti safi, nywele zimelazwa, tabasamu la kukopesha. Huyo ndiye mtu aliyekuja kutengeneza filamu ya mbandika mabango anayetafuta baiskeli yake.

Sinema ya Italia enzi za Mussolini ilikuwa na mtindo watu wanaouita "simu nyeupe": vichekesho vya mapenzi ndani ya majumba ya kifahari, na simu nyeupe mezani ndiyo alama ya utajiri. De Sica alicheza sana katika ulimwengu ule, na hata alipoanza kuongoza mwaka 1940 na Rose scarlatte alianzia humo humo. Geuko lake linaonekana katika I bambini ci guardano, filamu ya mtoto anayetazama ndoa ya wazazi wake ikivunjika. Hapo ndipo alipoanza kushika kazi vizuri na Cesare Zavattini, mwandishi ambaye bila yeye nusu ya huu uzi isingekuwepo.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1944 Roma iko chini ya Wajerumani. Mafashisti waliohamia kaskazini wanataka wasanii wawafuate wakaendeleze sinema huko. De Sica akawa na udhuru: anatengeneza filamu ya kidini, La porta del cielo, kwa baraka za Vatikani, habari ya treni ya mahujaji wagonjwa wanaokwenda Loreto. Sehemu kubwa ilipigwa ndani ya kanisa kuu la San Paolo fuori le Mura, na humo walijaa watu waliokuwa wakitafutwa, wameandikishwa kama wafanyakazi na waigizaji wa ziada. Inasimuliwa kwamba alikuwa akivuta vuta kazi makusudi, leo hivi kesho vile, ili filamu isiishe kabla majeshi ya Washirika hayajaingia. Yaliingia tarehe 4 Juni 1944.

Naweka nukta hapa nikanywe chai. Nikirudi naendelea na zile filamu 3 kubwa.

Kipanya Mweusi

Nimekaa mkao wa kula mkuu. Ila kamari uliyoitaja kwenye kichwa cha uzi usije ukaisahau.

Bibi Mshumaa

Swali la haraka. Hawa watu wa "uhalisia mpya", yaani akina De Sica waliopiga filamu za maisha ya watu wa kawaida Italia baada ya vita, walikuwa kundi moja lenye chama, au ni jina tu walilopewa?

Mtaa wa Pili

Bibi Mshumaa, shikamoo kwanza. Hakukuwa na chama wala kadi. Kulikuwa na Luchino Visconti aliyetoka kwenye ukoo wa kilodi kabisa na akawa upande wa wakomunisti. Kulikuwa na Roberto Rossellini aliyepiga Roma città aperta mwaka 1945 wakati vita bado haijaisha kaskazini. Na kulikuwa na De Sica na Zavattini. Walichoshirikiana ni mazingira. Studio za Cinecittà, zilizofunguliwa mwaka 1937 kwa mbwembwe zote za serikali, baada ya vita zilikuwa kambi ya wakimbizi. Utapigia wapi filamu? Barabarani. Ukiwa barabarani unakutana na watu, na watu wenyewe hawana kazi.

Tuingie kwenye Sciuscià ya 1946. Roma imejaa wanajeshi wa Kimarekani, na watoto wa mjini wanaishi kwa kuwang'arishia viatu. Wawili kati yao, Pasquale na Giuseppe, wanajichanga wanunue farasi. Farasi kabisa! Wanaingizwa kwenye dili la mablanketi ya magendo, wanakamatwa, wanatupwa gereza la watoto, na gereza linawageuza maadui. Watoto wenyewe, Franco Interlenghi na Rinaldo Smordoni, hawakuwa waigizaji. Nyumbani Italia filamu ilidoda. Watu walikuwa wametoka kwenye njaa, nani atoe hela akaone njaa tena? Marekani ndiko ilikopata heshima, na mwaka 1948 ikapewa tuzo maalumu ya Oscar, wakati huo kipengele cha filamu za kigeni kilikuwa bado hakijawekwa.

Halafu 1948, Wezi wa Baiskeli. Antonio Ricci amekaa bila kazi muda mrefu. Anaitwa: kuna kazi ya kubandika mabango, sharti uwe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayafua, wanakwenda kuyaweka rehani ili waikomboe. Naomba mkiitazama mtulie hapo kwenye duka la rehani. Karani anachukua furushi la mashuka yao, anapanda nalo rafu moja, ya pili, ya tatu, anazidi kupanda, na kumbe ukuta mzima hadi darini umejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayesema neno. Ukitoka hapo hakuna wa kukueleza hali ya uchumi wa Roma.

Siku ya kwanza kazini, yuko juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, baiskeli inaondoka. Filamu iliyobaki ni yeye na mwanawe Bruno wakizunguka mji: soko la Piazza Vittorio, soko la Porta Portese kwenye mvua, kanisani, kwa mwanamke anayetabiria watu, hadi mtaa wa mwizi mwenyewe. Mwisho wake sisemi.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Watu wengi wanadhani uhalisia wa aina hii ni kuchukua kamera, kumsimamisha mtu wa mtaani mbele yake, basi. De Sica alikuwa mwigizaji wa jukwaani tangu ujana wake. Inaelezwa na waliofanya naye kazi kwamba alikuwa akiwaigizia watu wake kila kitu kwanza: unageuka hivi, mkono unaweka hapa, kikombe unakishika namna hii. Halafu sauti ziliingizwa studio baadaye, kama ilivyokuwa desturi ya Italia. Kwa hiyo ule "ukweli" unaokutoa machozi umepigwa randa na mtu aliyejua kuimba na kuvaa tai.

Ngwena

Mkuu kwa hiyo unatuambia ni uongo?

Mtaa wa Pili

Ngwena, nakuambia ni kazi. Fundi akikutengenezea kiti ukakaa bila kukiwaza, hajakudanganya.

Fundi Taa

Mimi nimeshika taa na kamera kwenye filamu za hapa nyumbani miaka kadhaa, naunga mkono hilo la kazi. Kila siku naletewa mwongozaji kijana anasema "sisi tunafanya uhalisia" akimaanisha hatuna taa na hatuna mazoezi. De Sica alipiga picha kwenye mitaa ya kweli, lakini angalieni yule mtoto Bruno anavyotembea. Hatua fupi fupi, kichwa juu, anakimbia kidogo kumfikia baba. Inasemekana De Sica alimchagua mwigizaji wa Antonio kwanza, mtoto akamwokota kwenye watu waliokuja kushangaa wakipiga picha, na mwendo wake ndio uliomvutia. Hiyo siyo bahati. Kuna mtu aliyekuwa akiangalia miguu.

Ila sasa niweke upande wa pili, maana naona mkuu anampaka mafuta sana. Mwigizaji wa Antonio ni Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda cha Breda. Akapewa likizo akacheze. Filamu ikatikisa dunia, yeye akarudi kiwandani, na haikuchukua muda akapunguzwa. Akahangaika na vibarua na vijinafasi vya filamu hadi alipofariki mwaka 1983. Mtu aliyecheza mtu asiye na kazi akawa asiye na kazi. De Sica alikuwa na Oscar nyumbani. Hilo mnalisemaje?

Kipanya Mweusi

Fundi Taa kapiga penyewe.

Bibi Mshumaa

Hili linanikera tangu siku nyingi. Unamtoa mtu kwenye kazi yake, uso wake unauuza dunia nzima, halafu unamwambia asante nenda nyumbani. Hata wakisema alilipwa, alilipwa mara moja tu.

Mtaa wa Pili

Siwezi kumtetea kwa asilimia zote, na sitajaribu. Inajulikana kwamba De Sica alimsihi Maggiorani arudi kiwandani baada ya filamu, asijidanganye na umaarufu. Ushauri wa mtu anayelijua soko lile. Lakini kiwanda nacho kilikuwa kinapunguza watu, na mtu ambaye wenzake wanaamini ametajirika kwa sinema ni rahisi kuwa wa kwanza kwenye orodha. Zavattini alilijua jeraha hilo, hata akawaza kuandika filamu kuhusu Maggiorani mwenyewe.

Ila kumbukeni njia nyingine ilikuwa ipi. Mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, yule wa Gone with the Wind, alikuwa tayari kutoa pesa kwa sharti moja: Antonio achezwe na Cary Grant. Cary Grant, wakuu! Suti ya London juu ya ngazi ya mbandika mabango. De Sica akamtaja Henry Fonda kama anaweza kumfikiria, hawakuafikiana, akazichanga pesa mwenyewe kupitia kampuni yake. Mtoto Enzo Staiola alikuja kuwa mwalimu wa hisabati. Na kijana mmoja mnayemwona kati ya wale wanafunzi wa upadre waliojibanza ukutani kwenye mvua anaitwa Sergio Leone. Ndiyo, yule wa kauboi.

Mwl Mstaafu

Vijana, msiruke filamu yake ya Umberto D. Hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wa kikokotoo cha pensheni.

Mtaa wa Pili

Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa naijia. Hebu tusimulie wewe.

Mwl Mstaafu

Marahaba. Nitasema kwa kifupi, vidole vyangu si vya kuandika sana kwenye simu.

Filamu inafunguka na wazee waandamanaji barabarani, wanadai pensheni iongezwe, polisi wanawatawanya kwa magari. Kati yao yumo mzee Umberto Domenico Ferrari, mtumishi wa serikali mstaafu. Ana mbwa, Flike. Anadaiwa kodi ya chumba, na mwenye nyumba anamtaka aondoke; akitoka kidogo, chumba chake kinakodishwa kwa saa kwa wapenzi. Anauza saa, anauza vitabu. Anaenda hospitali ili angalau alale na kula bure.

Kuna mahali nimepatazama nikasimamisha. Mzee amefikia kuomba. Anasimama pembeni, ananyoosha mkono kwa majaribio. Mtu anapita, anarudi kutoa hela. Na papo hapo mzee anageuza kiganja kikatazama chini, kama mtu anayepima mvua. Baadaye anampa mbwa kofia aishike mdomoni asimame badala yake, yeye akajificha. Mtu anayemfahamu akatokea, mzee akaja haraka, akajifanya mbwa anacheza tu.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba tatizo la uzeeni ni hela. Siku hizi nawaambia waangalie hicho kiganja.

Aliyecheza hakuwa mwigizaji. Alikuwa profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Firenze, Carlo Battisti, karibu miaka 70, na hakucheza filamu nyingine. Na De Sica aliitoa filamu kwa heshima ya baba yake, yule Umberto karani.

Mtaa wa Pili

Asante sana Mwalimu. Niongeze na ile asubuhi ya jikoni. Mfanyakazi wa ndani, binti Maria, anaamka. Anawasha jiko, anamwagia maji mchwa... samahani, sisimizi waliojaa ukutani, anakaa anasaga kahawa, ananyoosha mguu kwa kidole gumba ausukume mlango ufunge bila kuinuka. Machozi yanamshuka, ana mimba na hajui ni ya yupi kati ya askari wawili. Hakuna tukio. Mhakiki wa Kifaransa André Bazin aliandika mengi kuhusu dakika hizo, na mimi naona ndizo dakika ngumu kuliko zote alizowahi kuongoza.

Serikali haikufurahi. Giulio Andreotti, ambaye alikuja kuongoza serikali ya Italia mara 7, wakati huo alikuwa naibu katika ofisi ya waziri mkuu na sinema ilikuwa mikononi mwake. Februari 1952 alimwandikia De Sica barua ya wazi gazetini: ukiwaaminisha walimwengu kwamba Italia ya Umberto D. ndiyo Italia ya karne hii, unaitumikia nchi yako vibaya. Weka basi matumaini kidogo. Na tusisahau kulikuwa na sheria ya mwaka 1949 iliyobeba jina la Andreotti, iliyoweka mikopo ya filamu na vibali vya kuuza nje chini ya jicho la serikali. Lugha ya "unatuchafulia jina nje" ni kongwe kuliko tunavyodhani.

Filamu ilidoda vibaya. Hapo mlango wa pesa ukafungwa.

Kipanya Mweusi

Kamari mkuu. KAMARI.

Mtaa wa Pili

Haya Kipanya.

De Sica alikuwa mgonjwa wa kasino. Monte Carlo walimjua, Sanremo walimjua. Alipoteza pesa nyingi mno, na ndiyo sababu ukiangalia orodha ya filamu alizoigiza, zaidi ya 100, unakuta takataka kibao. Alikuwa anakubali nafasi yoyote alipe deni, na kilichobaki kiingie kwenye filamu zake. Uso wa mtanashati ulikuwa ng'ombe wake wa maziwa.

Na nyumbani? Nyumba mbili. Alimwoa mwigizaji Giuditta Rissone mwaka 1937, wakapata binti, Emi. Kuanzia 1942 yuko na Mhispania María Mercader, wakapata Manuel na Christian. Talaka Italia haikuwepo kisheria hadi 1970. Basi akawa anaishi huku na huku. Familia yenyewe imesimulia kwamba mkesha wa mwaka mpya saa ya nyumba moja ilirudishwa nyuma, ili baba augonge mwaka kote kuwili. Mwishowe alichukua uraia wa Ufaransa na kumwoa Mercader Paris mwaka 1968.

Sasa unganisheni na L'oro di Napoli ya 1954. Kuna kipande De Sica anacheza mwenyewe: lodi aliyefilisika kwa kamari, mkewe kamnyang'anya pesa zote, hivyo kila siku anashuka kwa bawabu kucheza karata na mtoto wake wa kiume. Mtoto hataki, anataka akacheze na wenzake nje. Lodi anampigia meza, anabishana, anaweka rehani koti, na anafungwa. Kila mara anafungwa. Nimecheka hadi nikaona aibu.

Fundi Taa

Baada ya hapo lakini alishuka kiwango, tukubaliane.

Mtaa wa Pili

Hapana, sikubali kirahisi. Il tetto ya 1956 watu hawaijui: vijana wawili wameoana hawana pa kukaa, wanajenga chumba usiku mmoja pembeni ya Roma, maana ukikuta paa limeshaezekwa asubuhi, polisi hawakuvunjii. Atakayeitazama akiwa anakaa mtaa ambao haukupimwa hatahitaji tafsiri. La ciociara ya 1960 ilimpa Sophia Loren Oscar ya mwigizaji bora wa kike, ya kwanza kwenda kwa uigizaji wa lugha isiyo Kiingereza. Ieri, oggi, domani ni kichekesho cha biashara, ikachukua Oscar. Il giardino dei Finzi Contini ya 1970, Wayahudi matajiri wa Ferrara wakati sheria za ubaguzi zinawazunguka, nayo Oscar, na muziki wake ni wa mwanawe Manuel. Yaliyo mabaya yapo, ndiyo. Stazione Termini alifanya na yule yule Selznick, na Selznick akaikatakata kwa soko la Marekani.

Alifariki Neuilly-sur-Seine, Ufaransa, tarehe 13 Novemba 1974.

Ngwena

Na Afrika ilimfika?

Fundi Taa

Hii nijibu mimi. Angalia Borom Sarret ya Ousmane Sembène, 1963, kama dakika 20 hivi. Mwendesha mkokoteni wa Dakar, siku moja ya kazi, anaingia mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imekatazwa, polisi wanauchukua. Wahakiki wengi huitaja pamoja na Wezi wa Baiskeli: chombo cha kazi kinaondoka, na mtu anabaki anatembea kwa miguu. Ila Sembène mwenyewe alisomea Moscow, na hasira yake ni ya kwake. Kwa De Sica mkono wa mtoto unabaki. Kwa Sembène mke anamkabidhi mume mtoto, anatoka kwenda kutafuta chakula, na hatuambiwi atakipataje.

India nako, Satyajit Ray aliiona Wezi wa Baiskeli London mwaka 1950, akarudi nyumbani akatengeneza Pather Panchali, wengi wa waliocheza humo wakiwa si waigizaji wa kazi.

Bibi Mshumaa

Mimi bado nabaki na Maggiorani wangu. Ila nitaanza na hiyo ya mzee na mbwa. Nianzie wapi kuipata yenye maandishi chini?

Mtaa wa Pili

Bibi, zilizosafishwa upya zipo, tafuta hizo, maana nakala za zamani picha yake ni ukungu mtupu na ile ya sisimizi hutaiona. Maandishi ya Kiswahili sijaona, ya Kiingereza yapo. Usianze na Umberto D. ukiwa peke yako usiku. Anza na Wezi wa Baiskeli, na ukifika mgahawani, pale Antonio anapompa Bruno kalamu apige hesabu ya mshahara ambao hawataupata, mtazame yule mtoto tajiri wa meza ya nyuma anavyokula. Halafu urudi hapa tubishane vizuri kuhusu Maggiorani.